Episodi moja kila wiki au msimu mzima kwa mpigo? Mi nimebadili msimamo

KakaMkubwa

Wakuu habari zenu. Naleta huu uzi maana hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu na kila nikimwambia mtu ananijibu "si uangalie tu, kwani tatizo liko wapi". Kwangu tatizo lipo.

Mi na mdogo wangu tumekua pamoja tukiangalia sirizi, tunagombania rimoti, tunabishana sterlingi atapona au ndio basi tena. Alipoondoka kwenda kufanya kazi nchi nyingine kikabaki kitu kimoja cha kutukutanisha, Game of Thrones. Ile imeanza 2011 imeisha 2019, episodi 73, na msimu ukiwa hewani ratiba yetu ilikua haivunjwi, kila mtu anaangalia kwake akimaliza anampigia mwenzake. Sasa simu yenyewe tunaanza na nani kamsaliti nani, tunajikuta tumefika kwenye mambo ya kazini kwake, mara mama anaendeleaje, mara ananiambia kitu kizito ambacho najua kabisa asingenyanyua simu kunipigia kwa ajili ya hicho peke yake. Sisi wawili tukiachwa tunaweza kukaa kimya hata miezi minne na hakuna aliyemkosea mwenzake. Ile sirizi ndio ilikua inatupa sababu.

Halafu ikaja hii staili ya kumwaga msimu mzima siku moja. Squid Game ilipotoka Septemba 2021, episodi 9 zote kwa mpigo, dogo akazimaliza usiku uleule. Mi niko ya pili. Kesho yake ananipigia amewaka kabisa anataka kuongelea mwisho, namwambia subiri sijafika. Baada ya wiki mbili namaliza, sasa mi ndio nimewaka, nampigia, yeye ameshaangalia zingine mbili katikati hapo, ananiambia "aah ile ilikua kali braza" basi, simu imeisha. Tangu hapo ndio imekua hivyo kila sirizi, ama yeye yuko mbele ama mi niko mbele, hatukutani njiani.

Najua hii kitu haijaanza jana, Netflix walianza na House of Cards tarehe 1 Februari 2013, wakaweka episodi zote 13 siku moja, na kipindi kile mi mwenyewe nilishangilia nikasema sasa hakuna wa kunipangia. Leo naona kile nilichoshangilia ndio kimenipotezea simu za mdogo wangu.

Nyie mnapendelea ipi? Na mwenye ndugu au rafiki aliye mbali, mnafanyaje ili mwende sawa? Naomba majibu ya dhati, sio ya "kila mtu na ladha yake".

Nesi wa Zamu

Kaka pole, simu za mdogo wako zimenigusa, lakini naomba nikupinge.

Mi nafanya kazi wodini, zamu zinazunguka, wiki hii niko usiku wiki ijayo niko asubuhi, Ijumaa yangu inaweza ikawa Jumanne. Hizi za kila wiki zimenitesa vya kutosha. Zinatoka niko kazini, nikitoka nalala, nikiamka nashika simu niangalie saa tu nakuta mtu ameshabandika picha ya yule niliyekua nampenda kuliko wote na chini ameandika pumzika kwa amani. Imeshakufa hiyo, hata nikiiangalia naangalia nikijua. Msimu mmoja nimefanyiwa hivi mara tatu, ya tatu nikaacha kabisa na mpaka leo sijarudi. Watu wanasema za kila wiki zinatuweka pamoja, zinawaweka pamoja wale wenye ratiba zinazofanana, sisi wengine tunabaki nje dirishani.

Msimu mzima ukitoka mimi napanga. Adolescence ilitoka Machi 2025, episodi nne tu, na kila moja imepigwa kwa kamera moja bila kukata kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Niliisubirisha mpaka siku yangu ya mapumziko nikaangalia zote nne siku moja, nimejifunika shuka kwenye kochi nalia. Na mi nadhani ilitaka kuangaliwa hivyohivyo, maana nilipofika kwenye ile ya mwisho namwangalia yule baba, sura ya mtoto wake wa episodi ya kwanza ilikua bado mbichi machoni kwangu. Ningewekewa wiki katikati ningekua nimeshapoa.

Na kuna kipindi nilifanyiwa upasuaji nikalala kitandani wiki tatu. Usiku maumivu hayanipi usingizi, nyumba nzima imelala, nabonyeza inayofuata, nabonyeza inayofuata, mpaka kunakucha. Kwa yule mtu aliyekua pale kitandani kuambiwa "endelea Ijumaa ijayo" ingekua adhabu. Kwa hiyo kila nikisikia watu wanasema msimu mzima ni ulafi huwa nawakumbuka wagonjwa.

Hesabu Kali

Mleta uzi nikusahihishe kidogo, kabla ya House of Cards kulikua na Lilyhammer, Februari 2012, episodi 8, Netflix waliziweka zote siku moja. Na cha kuvutia ni kwamba kule Norway, kwenye televisheni ya taifa, sirizi hiyohiyo kipindi hichohicho ilikua inatoka moja kila wiki. Sirizi moja, watazamaji wawili, mmoja anakula yote mmoja anasubiri.

Nilichotaka kusema lakini ni kwamba nyote mnaongea kama vile hii ratiba inapangwa kwa kuangalia raha yetu, tuangalie na hesabu zao maana zinaeleza mengi. Netflix ilianza 1997, kazi yake ilikua kukodisha DVD kwa posta, mtu analetewa diski za msimu mzima anaziangalia zote wikendi moja. Walipoanza strimingi, yaani kuangalia moja kwa moja mtandaoni, 2007 wateja wao walikua tayari wamezoea mzigo kamili. Na hawakua na matangazo, matangazo wameleta mwisho wa 2022, kwa hiyo hawakua na sababu ya kukurudisha Jumanne saa mbili usiku kama televisheni inayomuuzia mtu wa sabuni hiyo saa mbili. Wao walikua wanataka kitu kimoja tu, ujiunge na usiondoke, na kukupa msimu mzima ilikua ndio njia ya kukuonyesha kwamba hapa sio kama kule ulikotoka.

Tatizo likaja walipoongezeka wengine. Sasa mtu anajiunga tarehe moja, anameza alichokifuata siku tatu, tarehe ishirini anakata anahamia kwingine. Ndio maana Disney+ walipofungua Novemba 2019 hawakurudia kosa, The Mandalorian episodi 8 zimetoka kidogokidogo kuanzia tarehe 12 Novemba mpaka 27 Desemba, piga hesabu mwenyewe hapo umeshalipia mwezi wa pili. Na Netflix wenyewe wakajifunza lakini kwa mlango wa nyuma, Stranger Things msimu wa nne wakaukata vipande viwili, 27 Mei na 1 Julai 2022. Siku 35. Mwezi una siku ngapi wakuu?

Silaumu, biashara ni biashara. Ila mtu akiniambia wanatoa kila wiki "ili tuifurahie hadithi" huwa nafungua kalenda kwanza.

MamaPacha

Hesabu Kali hesabu zako nimezielewa na sina ubishi nazo, lakini mtu anaweza akawa na sababu yake ya kibiashara na mimi bado nikapata changu humohumo.

Mi nina mapacha, wana miaka kumi na saba sasa, umri ambao ukimuuliza mtoto vipi shule anakujibu poa na mlango unafungwa. Mwanzoni mwa 2021 ikatoka WandaVision, episodi 9, wakaanza na mbili halafu moja kila wiki mpaka tarehe 5 Machi. Kwa ambao hawajaiona, episodi nyingi zimetengenezwa kama vichekesho vya televisheni vya zama fulani, inaanza nyeusi na nyeupe halafu inasogea zama kwa zama, na muda wote unahisi kuna kitu hakiko sawa hapo ila hukijui. Basi zile wiki zote nyumba yangu ilikua kama ofisi ya wapelelezi. Mmoja anakuja jikoni ananiambia mama umeona lile tangazo la katikati, lile linamaanisha kitu, mwenzake anakataa, wanafungua simu wanarudisha nyuma, mi mwenyewe niko kazini nakumbuka kitu nawaandikia kwenye grupu letu la watu watatu. Nusu ya tuliyokua tunabashiri hayakutokea na haikutuuma hata kidogo.

Ingetoka yote siku moja wangejifungia chumbani wakaimaliza usiku ule kila mmoja na simu yake na mi nisingejua hata kama wameiangalia. Kitu nilichofaidi kilikua ndani ya zile siku sita za katikati, na hizo siku sita hakuna anayeweza kukuuzia peke yake.

Nesi nimekuelewa sana kuhusu kitandani. Mwenye maumivu apewe yote.

Sina Haraka

Mi mbona naona mnahangaika bure wakuu, dawa ipo na iko wazi. Ya kila wiki subiri ikiisha ndio uanze. Ukimaliza kusubiri inakua na yenyewe ni msimu mzima, unaangalia utakavyo, unataka moja kwa siku sawa, unataka zote sawa. Mi nina miaka mingi nafanya hivyo, naweka kwenye orodha, zikijaa naanza. Sijawahi kulala na hasira eti imeishia patamu.

Fundi Hadithi

Sina Haraka naomba nikujibu wewe kwanza halafu nirudi kwa mleta uzi, samahani itakua ndefu.

Hiyo dawa yako inakusaidia wewe lakini ikinywewa na wote inaua mgonjwa. Haya makampuni yanaangalia siku za mwanzo, ndio maana hata orodha ya Netflix ya zilizotazamwa kuliko zote inahesabu siku 91 za kwanza, na kabla ya 2023 ilikua siku 28 tu. Sirizi ndogo isiyo na jina kubwa wapenzi wake wote wakisema "tutaanza ikiisha", wale wenye maamuzi wanaona kimya, wanakata, na unakuja kuanza kitu ambacho kimeshazikwa na mwisho wake haupo. Kama unaipenda ianze mapema hata kama utaimaliza taratibu.

Sasa mleta uzi. Mi naandika maigizo ya redio, dakika kumi na tano kila kipande, kwa hiyo hili ni jambo ninaloamka nalo asubuhi. Naomba niseme kitu ambacho naona hakijaguswa hapa. Swali sio tu itoke lini, swali ni iliandikwaje. Kipande kilichoandikwa kwa ajili ya kusubiriwa kina umbo lake. Kinafungua jambo, kinalipeleka mahali, kinalifunga au kinalivunja, halafu ndio kinakuachia mlango wazi kidogo. Msikilizaji akizima redio anakua amepewa kitu cha kwenda nacho, sio ameporwa tu. Kuishia patamu kila mtu anaweza, unamning'iniza mtu kwenye mwamba unakata, kazi imeisha. Ila kuishia patamu na bado mtu ameshiba hapo ndio penye ufundi, na mimi mwenyewe natupa kurasa nyingi kabla sijapapata.

Hizi nyingi za msimu mzima waandishi wake wanajivunia kabisa kwamba ni "filamu ya saa kumi". Na kweli, ni filamu moja imekatwakatwa. Ukiziangalia moja kwa wiki zinachosha, episodi ya nne hukumbuki ilikua inahusu nini kwa sababu haikua inahusu kitu, ilikua inapita tu kwenda ya tano. Ukizimeza kwa pamoja hulioni hilo, unateleza. Kwa hiyo Nesi yuko sahihi na MamaPacha yuko sahihi, wameangalia vitu viwili vilivyojengwa tofauti.

Mfano mzuri ni Andor, msimu wa pili, 2025. Episodi 12, wakazitoa tatutatu kwa wiki nne. Kwa nini tatu? Kwa sababu kila tatu ni mwaka mmoja wa hadithi, ukimaliza tatu mwaka umefungwa, wiki ijayo unafungua mwaka mwingine watu wamezeeka kidogo wamekua wagumu kidogo. Nilikaa zile wiki nne nikiwa na furaha ya fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake, maana ratiba ya kutoka na umbo la hadithi vilikua kitu kimoja. Arcane nayo mwaka 2021 walifanya hivyo, sehemu tatu, kila sehemu episodi tatu, kila wiki sehemu moja, na kila moja inasimama.

Kwa hiyo mi nikiulizwa kila wiki au yote kwa pamoja nauliza kwanza mwandishi alikata wapi.

Profesa wa Mtaa

Fundi umeongea vizuri sana ila ngoja niweke hapa kisa kinachopindua meza. La Casa de Papel, hii mnayoiita Money Heist. Ile haikuzaliwa Netflix, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni moja ya Hispania inaitwa Antena 3, mwaka 2017, episodi 15 ndefu, inatoka kila wiki usiku. Ilianza na watazamaji wengi sana halafu kila wiki wanapungua, wanapungua, mpaka inafika mwisho watu wameshachoka kuisubiri na waigizaji walishaagana kabisa. Netflix wakaichukua wakaikatakata upya kuwa episodi 22 fupifupi wakaziachia dunia nzima kwa mafungu. Yaliyofuata mnayajua, yale mavazi mekundu na vile vinyago mmeviona hadi kwenye maandamano.

Hadithi ileile, waigizaji walewale, hata picha hazikupigwa upya. Kila wiki iliiua na kumwagwa kukaifufua. Na nikiangalia naona sababu, ile ni stori ya kukimbizwa, saa inahesabu, polisi wako nje, ukimpa mtu wiki nzima ya kupumua katikati ya wizi wa kwenye kiwanda cha kuchapa pesa pumzi inarudi mpaka anapoa kabisa. Tena kuzikata fupi nadhani kulisaidia kuliko tunavyodhani.

Hesabu Kali

Profesa kisa chako kimenifunga mdomo hiki, sikua najua kama walishaagana.

Na kuna la The Boys pia, msimu wa kwanza 2019 Amazon waliweka zote 8 siku moja, wa pili 2020 wakaweka tatu za mwanzo halafu moja moja. Watu waliwaka, wakaenda kushusha nyota moja moja sio kwa sababu sirizi mbaya ila kwa sababu ya ratiba tu. Mtunzi mkuu wake Eric Kripke akatoka akasema uamuzi ulikua wa kwao watengenezaji, wanataka watu wapate muda wa kuitafuna. Mi kipindi kile sikumwamini, nikajua ni kalenda tu ya malipo. Leo baada ya kusoma alichoandika Fundi naanza kufikiri labda alikua anasema kweli.

Nesi wa Zamu

Narudi tena maana MamaPacha na Fundi wamenikumbusha kitu na nisipokisema nitakua sijatenda haki.

Mwanzoni mwa 2025 kulikua na The Pitt, ile ya idara ya dharura hospitali, episodi 15, kila episodi ni saa moja ya zamu moja, na wao walitoa kila wiki mpaka Aprili. Kama ilivyo kawaida yangu nilitaka kusubiri iishe. Lakini wenzangu wodini wakaanza kuongea, chumba cha chai chote ni hiyo, huyu anasema pale daktari angefanya hivi, yule anasema hapana mi nimeshaona kesi kama ile. Nikaanza. Na nawaambia ukweli nisingeweza kuimeza kwa siku moja, ile ni kazi yangu ile, saa moja tu nikiangalia mabega yameshapanda. Ilikua saizi yangu kabisa, moja kwa wiki. Wale ambao zamu zao ziliangukia vibaya tulikubaliana hakuna kusema kitu mpaka wote tumeona, na mtu akiingia chumba cha chai anauliza kwanza "tumefika ya ngapi?"

Tukafanikiwa wiki zote hizo hakuna aliyeharibiwa, watu saba. Kwa hiyo labda shida yangu haikua kila wiki yenyewe, shida yangu ni watu nisiowajua wanaobandika picha za misiba kwenye simu yangu asubuhi.

Sina Haraka

Fundi nimesoma. Kuna sirizi mbili naziweka kwenye orodha nilikua nazisubiri ziishe, moja nimeangalia sasa hivi kumbe walishaikata mwaka jana. Nilikua naipenda hata kabla sijaianza. Hiyo ya pili naanza leo usiku.

Fundi Hadithi

Anza mkuu, na ukinogewa mwambie na mwenzako.

Mleta uzi, sikukujibu swali lako la pili na ndilo la muhimu. Kama mzigo wote umetoka siku moja hakuna sheria inayosema lazima muubebe siku moja. Chagueni na mdogo wako, pangeni siku, moja kwa wiki, kama vile inarushwa. Ila chagueni iliyokatwa vizuri, sio filamu ya saa kumi, mtachoka. Njia ya kuijua ni rahisi, mwisho wa episodi ya kwanza na ya pili jiulize kama unaweza kumsimulia mtu hiyo episodi peke yake ikaeleweka. Ukiweza hiyo inafaa kusubiriwa.

KakaMkubwa

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikua nafanyia kazi ushauri, nimeona nisijibu kabla sijajaribu.

Nilimpigia dogo Jumapili nikamweleza wazo la Fundi. Nikategemea atacheka. Akakaa kimya kidogo akasema braza mbona hukusema siku zote, mi nilikua namaliza haraka nikijua na wewe utamaliza haraka tuongee. Yaani miaka yote hii kila mmoja alikua anakimbia kumfuata mwenzake tukawa tunapishana. Hilo limeniuma na limenifurahisha kwa wakati mmoja.

Tumechagua moja ya episodi nane ambayo wote hatujaiona, tumepanga Ijumaa, yeye akitoka kazini kwangu inakua tayari usiku mwingi lakini naweza. Ijumaa ya kwanza tulianguka, sio kwa makusudi, ile ya kwanza imeisha kabla sijashika rimoti ya pili ikawa imeshaanza yenyewe, na ukishaona dakika mbili za mwanzo umekwisha. Nikamwandikia nimeteleza, akajibu na yeye ameteleza, yuko dakika ya kumi na moja. Tukazima wote palepale.

Kuna mtu anajua namna ya kuizuia isijiendeshe?

MamaPacha

Kaka ingia kwenye akaunti, fungua profaili yako, kuna setingi za uchezaji, toa tiki kwenye ile ya kuanza episodi inayofuata yenyewe. Apu nyingi zinayo. Mi niliitoa tangu wanangu wakiwa wadogo. Na mdogo wako aitoe kwake, kila profaili ina yake.

KakaMkubwa

Imekubali, asante sana dada. Nimemtumia dogo maelekezo na yeye ameshatoa.

Jana tumeangalia ya pili, tukaanza upya kutoka dakika ya kwanza. Simu imekata saa nane usiku kwangu, na sirizi yenyewe tuliiongelea labda dakika ishirini. Ijumaa ijayo ya tatu.